Mwanagenzi Mpe Mshipi: Kujifunza Uvuvi katika Maji ya Funzi

Wiki hii tuzungumze kazi iliyowalisha babu zetu na ambayo baadhi ya watoto wetu sasa wanaiona kwa mbali tu, kama wageni wanaopita. Nayo ni kazi ya uvuvi.

Mtu akikitazama kisiwa cha Funzi kilivyozungukwa na maji, atadhani kwamba mtoto wa hapo huurithi uvuvi kama anavyorithi sura ya babake. Sivyo. Kila mvuvi hodari aliwahi kuwa mwanagenzi asiyejua kufunga ndoana, na alikuwapo mtu aliyekaa naye chomboni akamfundisha. Zamani mafunzo hayo yalianza utotoni. Mtoto alichukuliwa na babake au mjombake, akapewa kopo la kutolea maji chomboni, na kwa miaka mingi akawa anatazama kabla ya kuambiwa ashike kitu. Siku hizi asubuhi yumo skulini na alasiri yumo madrasa, jambo ambalo ni la kheri na hatulilalamikii. Lakini kijana huyo akimaliza masomo na ajira ikawa haikupatikana, huteremka pwani akiwa na umri wa miaka kumi na minane au ishirini, ana nguvu za mtu mzima na ujuzi wa mtoto mchanga.

Hapo ndipo penye suala letu. Kijana huyu apewe chombo gani cha kwanza mkononi? Jibu la suala hili huamua atakuwa mvuvi wa aina gani, na huamua pia iwapo wajukuu wetu watakula samaki wa Funzi au watasimuliwa habari zao.

Milango miwili

Anayeteremka pwani leo hukuta milango miwili. Wa kwanza ni juya, wavu mrefu unaokokotwa na watu wengi hadi ufuoni. Mlango huu una mvuto, kwa kuwa hautaki elimu. Mwanagenzi huambiwa ashike kamba avute, na siku hiyo hiyo hupata fungu lake. Lakini hata akivuta mwaka mzima, hatajua samaki hukaa wapi, hula nini, wala hupita saa ngapi. Amejifunza kuvuta kamba, basi. Nao wavu ule hauchagui. Huburuta chini, huchuna nyasi za bahari, na huzoa vitoto vya changu na tafi visivyozidi kidole. Kwa sababu hiyo serikali ya Kenya iliupiga marufuku uvuvi wa juya mwaka 2001, pamoja na bunduki za kuvulia samaki.

Mlango wa pili ni mshipi na ndoana. Huu hauna haraka. Huenda siku za kwanza mwanagenzi akarudi na samaki wawili, na huenda akarudi na chambo chake kimeliwa chote. Lakini kila anapouteremsha mshipi anaiuliza bahari swali, na kila unapopandishwa analetewa jibu. Mshipi humfundisha kina, mkondo, tabia ya samaki na subira. Tena bei yake ni ndogo. Kijana anaweza kununua mshipi wake, ndoana zake na risasi zake bila kukopa kwa tajiri. Nasi tunaijua hali ya mvuvi anayeanza kazi kwa deni: nyavu si zake, chombo si chake, na samaki hana budi kumuuzia yule aliyemkopesha, kwa bei atakayoambiwa. Mwenye mshipi wake huuza samaki wake kwa amtakaye.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Basi na mvuvi naye akunjwe angali mbichi.

Kwanza yajue maji yako

Kabla ya kushika mshipi, mwanagenzi na apafahamu mahali. Funzi imejaaliwa vitu vitatu vilivyo karibu karibu: mikoko, majani ya bahari na mwamba. Karibu na hapo upo mlango wa Mto Ramisi unaoleta maji matamu kutoka bara. Samaki wengi tunaowapenda hawazaliwi na kukulia mahali pamoja. Vitoto vya aina nyingi za changu na kungu hujificha kwenye mizizi ya mikoko na majani ya bahari, ambako samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi. Wakishapata nguvu ndipo huelekea mwambani na kilindini. Kwa hivyo anayevua ndani kabisa ya mikoko kwa wavu wa matundu madogo anavua chumba cha watoto.

Jambo hili halikuhusu sisi peke yetu. Katika nchi za baridi kama Norway na Uskoti yuko samaki maarufu aitwaye samoni. Huyu huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule aliozaliwa. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kujifunza kumvua, na mwanagenzi wa huko hulipia kibali, hupangiwa msimu, na huambiwa samaki yupi amchukue na yupi amrudishe majini. Pamoja na hayo yote, katika majira ya joto ya mwaka 2024 Norway ililazimika kufunga mito 33 kwa sababu samoni waliorudi kutoka baharini walikuwa wachache mno. Waliokuja na fimbo zao nzuri za kuvulia waliukuta mto umefungwa. Zana bora haimfai mtu pasipo na samaki.

Mwezi ni saa ya mvuvi

Elimu ya pili ni ya maji kujaa na kupwa. Hapa nyumba ya Kiislamu ina msaada mkubwa, kwani kalenda ya Hijria tunayoitundika ukutani kwa ajili ya Ramadhani na Idi ni kalenda ya bahari pia. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, yaani karibu na tarehe 8 na tarehe 22, maji huwa mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Basi mwanagenzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Ikiwa tarehe mosi maji yalijaa saa kumi alasiri, tarehe 4 yatajaa karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni. Kufikia tarehe 8 mambo yamegeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na hupwa karibu na saa kumi alasiri. Hii ni hesabu ya kukadiria. Mwenye kutaka uhakika atazame jedwali la maji la Kilindini, lakini ajizoeze kuikadiria kichwani, maana karatasi hulowa.

Faida ya elimu hii ni kubwa. Siku za bamvua mkondo huwa na nguvu, mshipi huchukuliwa ukalala, na mwanagenzi hawezi kujua kama risasi imefika chini au la. Tena maji yakipwa sana, ghuba hubakia mafungu ya mchanga, na aliyetoka bila hesabu hukwama na chombo chake hadi maji yarudi. Kwa hivyo anayeanza na aanze siku za maji mafu. Bamvua waachiwe wanaokwenda mwambani kwa miguu kutafuta pweza, ambao miongoni mwao kina mama wamo wengi, nao wanaijua elimu hii kuliko wanaume kadhaa.

Upepo nao una kalenda yake

Mwezi hukupa saa ya maji, lakini haukupi majira ya upepo, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana wazee wa pwani walikuwa na hesabu nyingine, ile ya Nairuzi, ya mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua lini kusi itaanza na lini itatulia.

Kusi huanza kuvuma karibu na mwezi wa Aprili, hupata ukali wake Juni hadi Agosti, na hulegea kuelekea Oktoba. Katika miezi hiyo mikali mtumbwi mdogo hauna shughuli nje ya mwamba. Kisha huja utulivu wa matlai, na baadaye kaskazi, ambayo huvuma mpaka Machi. Huo ndio wakati wa mwanagenzi. Wakati wa mvua za masika, mto unapofurika, maji ya karibu na mlango wake huwa ya tope na samaki wa mwambani huyakimbia.

Zana na mkono

Sasa tushike zana. Mwanagenzi anahitaji mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao au chupa, chubwi ya risasi, ndoana chache, kisu na chambo. Ajue kwamba namba za ndoana huenda kinyume na anavyodhani: namba inapozidi, ndoana hupungua. Ndoana ndogo mno humvua samaki mchanga, na kubwa mno humrudisha mtu mikono mitupu. Na achague ya wastani, itakayoingia katika kinywa cha changu aliyekomaa na kumshinda mtoto wake. Kwa njia hii mshipi unachagua, nao wavu haukuweza.

Chambo kizuri ni kile ambacho samaki hukila mahali pale pale: kamba, ngisi, kipande cha pweza, au dagaa. Kiwe kibichi. Kitiwe kwenye ndoana kwa kushonwa, si kwa kuning'inizwa, kwani samaki wadogo ni mahodari wa kudokoa.

Chombo kikifika mahali panapokusudiwa, nanga iteremshwe kwenye mchanga ulio kando ya mwamba, isitupwe juu ya matumbawe yaliyo hai. Matumbawe ni nyumba ya samaki, na hukua polepole mno. Kamba ya nanga iachiwe iwe ndefu mara tatu ya kina au zaidi, ndipo nanga ishike. Na mahali palipotoa samaki pawekewe alama: tazama bara, unganisha mti mrefu na kilima kilicho nyuma yake, kisha geuka upande mwingine, unganisha alama mbili nyingine. Hapo mistari miwili inapokutana ndipo pako, na hakuna awezaye kukuibia.

Teremsha mshipi hadi risasi iguse chini, kisha ivute juu kiasi cha shibiri moja au mbili. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada, maana kidole hicho ndicho jicho lako chini ya maji. Kwanza utasikia kudokolewa kwepesi, tik tik, kwa samaki wadogo. Usivute. Akija changu, husikika mvuto wa dhati, mara nyingi kama vivuto viwili. Hapo vuta kwa mkono mmoja mrefu usio na papara, kisha mpandishe mfululizo bila kulegeza, kwani mshipi ukilegea ndoana hutoka. Wengi hupoteza samaki kwa sababu mbili tu: kuvuta mapema mno, na kusitasita katikati.

Lipo onyo moja lisilo na mjadala. Usizungushe mshipi kiganjani wala vidoleni. Akija kolekole mkubwa au nguru, nailoni hukata nyama hadi mfupa. Mshipi ushikwe kwa namna ya kuweza kuachiwa mara moja. Samaki atapatikana mwingine, na kidole hakioti.

Yanayodhuru

Bahari haishi zinge. Mwanagenzi na awajue wenye silaha kabla hawajamfundisha wenyewe. Ngogo ana miiba yenye sumu mgongoni na ubavuni, chale naye hali kadhalika, na taa ana mwiba mkiani. Aliyechomwa na miiba hiyo huwekwa sehemu iliyochomwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hupelekwa hospitali. Mkunga ana meno. Ni bora kukata mshipi kuliko kumtoa ndoana kwa mkono. Na katika maji ya Ramisi wamo mamba, kwa hivyo kusimama majini karibu na mlango wa mto kwa ajili ya kuvua ni kujitia hatarini.

Ama bunju, asiliwe. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa ya kuivunja. Huenda mtu akauliza: je, samaki wote si halali? Ni kweli kwamba katika Surat al-Maida, aya ya 96, Mola ametuhalalishia mawindo ya bahari, na ni kweli kwamba samaki hahitaji kuchinjwa. Lakini sheria yetu hairuhusu kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Kinachoua hakiliwi hata kama asili yake ni samaki.

Vile vile mwanagenzi ajue kuogelea kabla ya kujua kuvua. Avae jaketi la kuelea hata akichekwa. Amwambie mtu wa pwani anakwenda wapi na atarudi maji yakiwa vipi. Simu aitie ndani ya mfuko usioingiza maji. Mama anayesubiri nyumbani ana haki ya kujua mwanawe yuko upande gani wa bahari.

Adabu na sheria

Mvuvi mpya na ajiandikishe kwa kamati ya usimamizi wa ufuo wake, maarufu kwa jina la BMU, na achukue leseni. Ajue mipaka. Kusini mwetu, mbele ya Shimoni na Wasini, iko hifadhi ya Kisite-Mpunguti: katika Kisite hapavuliwi kabisa, na katika Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kienyeji. Kasa akinaswa arudishwe majini akiwa hai, kwani sheria inamlinda. Samaki mchanga naye arudishwe upesi, kwa mikono iliyoloweshwa. Si hasara. Samaki mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko mdogo, na uliyemwachia leo ndiye mama wa samaki wa mwanao.

Katika kuuza, samaki wa jana asichanganywe na wa leo. Tunakumbuka namna Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini yake kuna umaji uliofichwa, akamkemea mwenye mali. Wala mtu asiuze samaki aliye bado baharini, kwa kuwa huko ni kuuza usichokimiliki. Na wakati wa sala ukiingia mkiwa chomboni, msiuache upite. Maji ya bahari ni tohara, na asiyeweza kusimama kwa kuhofia chombo kupinduka huswali akiwa ameketi.

Subira ya mwanafunzi

Katika Surat al-Kahf tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) aliyesafiri na kijana wake mpaka zinapokutana bahari mbili, na samaki waliyemchukua akajiendea baharini. Pale samaki alipopotea ndipo mwalimu alipopatikana. Musa, naye ni Mtume, alikubali kuwa mwanafunzi, akawekewa sharti la subira. Ikiwa yeye aliambiwa asubiri, sembuse kijana wetu aliyekosa samaki siku tatu?

Basi mwanagenzi na aulize mengi akiwa nchi kavu, chini ya mti, wakati wazee wanapotengeneza nyavu. Akishapanda chombo, amtii nahodha. Maswali ya baharini yasubiri hadi nanga itakaposhika.

Nanyi wazazi wenzangu, skuli hufungwa Novemba na Desemba, wakati kusi imekwisha na bahari imetulia. Hiyo ni nafasi aliyotupa Mola. Tazameni kalenda ya Hijria iliyo ukutani, chagueni siku za maji mafu, mchukueni kijana pamoja na mshipi mmoja na mzee mmoja anayejua. Wasio na chombo waombe nafasi kwa jirani. Wenye vyombo wasiwanyime, kwani elimu ambayo haikugawiwa huzikwa na mwenyewe. Siku ya kwanza mtoto atarudi na samaki mmoja, pengine hana. Muulizeni alijifunza nini, msimuulize aliuza kwa kiasi gani.

Mwenyezi Mungu awabariki wavuvi wetu, awarudishe salama walio majini, na aturuzuku rizki ya halali. Amin.